Mapafu Mazima, Misuli Iliyochoka

Mtu anayekosa pumzi akifikishwa hospitalini, mkono wa kwanza unakwenda kwenye mtungi wa oksijeni. Kwa wagonjwa walio wengi huo ni uamuzi sahihi. Lakini wapo watu ambao wakipewa oksijeni peke yake, bila mtu wa kuangalia kingine kinachoendelea mwilini, inaweza kuwapeleka kwenye usingizi wasioamka. Hao ni watu wenye magonjwa ya neva na misuli. Makala haya ni kwa ajili yao na kwa ajili ya wanaowauguza, maana jambo lenyewe likishafafanuliwa si gumu, na kutolijua kunaua.

Magonjwa yenyewe ni mengi. Kuna distrofia ya Duchenne, inayowapata karibu watoto wa kiume pekee, ambapo misuli hukosa protini iitwayo distrofini na kulika polepole mwaka hadi mwaka. Kuna ALS, inayoua neva zinazoamuru misuli, mara nyingi kwa mtu mzima aliyekuwa na afya yake. Kuna SMA, kunyauka kwa misuli kunakotokana na neva za uti wa mgongo, ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo, katika aina yake kali, hujionyesha kabla hajatimiza miezi sita. Kuna miastenia, ambapo kinga ya mwili hushambulia pale neva inapokutana na msuli. Kuna Guillain-Barré, inayoweza kumlaza mtu mwenye nguvu zake ndani ya siku chache, kisha kwa wengi ikamwachia taratibu. Vyanzo vyake haviko sawa, na tiba zake haziko sawa. Ila yote yanaweza kukutania mahali pamoja: misuli ya kupumua inalegea.

Mvukuto na mkono wa mhunzi

Mvukuto wa mhunzi haujijazi hewa wenyewe. Mfuko unaweza kuwa mpya, ngozi yake haina hata tundu, lakini mkono unaouvukuta ukichoka, moto unazimika. Mapafu ndivyo yalivyo. Hayana misuli ya kujitanua. Yanatanuliwa na misuli iliyo kando yake: kiwambo, yaani diaframu, ule msuli mpana kama kuba unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo katikati ya mbavu. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Vikilegea, hewa inatoka.

Kwa hiyo kijana mwenye Duchenne anaweza kupigwa picha ya eksirei na familia ikaambiwa kwamba mapafu yake ni safi. Ni kweli, ni safi. Mkono wa mhunzi ndio uliochoka, na eksirei haipimi uchovu wa mkono.

Misuli hii ina makundi matatu, na inafaa kuyatenganisha kichwani kwa sababu kila kundi lina msaada wake. La kwanza ni la kuvuta hewa, nimeshalitaja. La pili ni la kusukuma hewa nje kwa nguvu, hasa misuli ya tumbo. Bila hiyo mtu hawezi kukohoa kikohozi cha maana. La tatu ni la ulimi, koo na zoloto, linaloziba njia ya hewa wakati wa kumeza. Hilo likilegea, mate na chakula hupotea njia na mtu anapaliwa mara kwa mara.

Makundi haya hayachoki kwa pamoja wala kwa mpangilio mmoja. Kwa mtoto mwenye SMA, misuli ya mbavu hulegea sana huku kiwambo kikibaki na nguvu kiasi. Ndiyo maana akivuta pumzi tumbo linatuna na kifua kinabonyea, na baada ya muda kifua huchukua umbo la kengele. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa Pompe, mwingine wa kurithi unaodhoofisha misuli, ni kinyume chake: anaweza kuwa bado anatembea kwa miguu yake huku kiwambo kimechoka vibaya. Ukimpima kwa miguu utasema yu mzima.

Hewa inayokosa pa kutokea

Tumezoea kusema kwamba tunapumua ili tupate oksijeni. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kuitoa kabonidayoksaidi, hewa ukaa, ambayo mwili huizalisha kila dakika, mtu awe macho au amelala. Hewa ukaa ndiyo kipimo halisi cha kazi ya mvukuto, na hesabu yake ni nyepesi. Katika damu ya ateri kiwango chake huwa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Mwili ukiendelea kuizalisha kwa kiasi kilekile, na hewa safi inayofika kwenye vifuko vya mapafu ikapungua hadi nusu, kiwango hicho kinapanda mara mbili: 40 inakuwa 80. Mtu aliyefika 80 kwa ghafla husinzia, huchanganyikiwa, kisha huzama.

Sasa mvike oksijeni. Hewa kidogo anayoivuta imejaa oksijeni, kwa hiyo damu inapata ya kutosha, midomo inarudi rangi yake, kipimo cha kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu, kinaonyesha asilimia 98. Kila mtu chumbani anapata ahueni. Lakini hewa ukaa haitoki kwa sababu oksijeni imeongezwa; hutoka pale tu hewa inapoingia na kutoka. Inaendelea kupanda kimyakimya, na kifaa cha kidoleni hakiioni. Zaidi ya hapo, mtu aliyeishi miezi mingi na hewa ukaa ya juu, ubongo wake umeizoea na umeacha kushtuka. Upungufu wa oksijeni ndio uliokuwa bado unamsukuma avute pumzi. Ukiuondoa msukumo huo bila kumpa msaada mwingine, anapumua kidogo zaidi.

Sisemi oksijeni ipigwe marufuku. Mwenye nimonia anaihitaji kama mtu mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba itolewe pamoja na mashine inayomsukumia hewa, kiasi chake kiangaliwe, na hewa ukaa ipimwe. Kipimo cha kidoleni kikishuka chini ya 95 kwa mtu mwenye misuli dhaifu, bila oksijeni ya mtungi, swali la kwanza liwe: je, hewa haiingii ya kutosha, au makohozi yameziba njia, au mapafu yameshaanza kuugua? Kumwongezea oksijeni kabla ya kujiuliza hivyo ni kufunika taa ya hatari kwa kitambaa.

Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko wa polio. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu, lile pipa ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikibaki nje, lililobuniwa na Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw huko Harvard mwaka 1928. Mbali na hilo kulikuwa na vifaa sita vya kuvalishwa kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliopooza misuli ya kupumua, 27 walikufa. Vipimo vya maabara vilionyesha bikaboneti nyingi katika damu yao, lile umbo ambalo hewa ukaa husafiri nalo ndani ya damu, na madaktari wakadhani ni hitilafu isiyoeleweka ya damu kuwa na alikali kupita kiasi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipoitwa kutoa maoni alisoma namba zilezile kwa namna nyingine: hiyo ni hewa ukaa iliyokosa pa kutokea. Watu hawa hawapati hewa.

Tarehe 27 Agosti akaonyesha alichomaanisha. Msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho alitobolewa tundu shingoni, akawekewa mpira kwenye njia ya hewa, na Ibsen akaanza kumsukumia hewa kwa kubinya mfuko kwa mkono. Msichana akanusurika. Kisha wanafunzi wapatao 1,500 wakapangwa kwa zamu, mmoja kando ya kila kitanda, wakibinya mifuko mchana na usiku kwa wiki baada ya wiki, na vifo vikashuka hadi chini ya nusu ya wagonjwa wa aina hiyo. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa wiki ile. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma namba moja kwenye karatasi ya maabara. Vyumba vya wagonjwa mahututi tunavyovijua leo vina asili yake pale.

Usiku ndiko kunakoanzia

Kwa magonjwa yanayokwenda polepole, tatizo halianzi kwa mtu kutweta mchana. Huanza akiwa amelala, na kwa muda mrefu huishia hukohuko.

Sababu zake ni mbili, na zinaungana. Mtu akilala chali, vilivyomo tumboni hukisukuma kiwambo kuelekea juu, na kiwambo dhaifu hakiwezi kuvisukuma virudi. Halafu kuna ile awamu ya usingizi wa ndoto, ambayo hurudi takriban kila dakika 90 na kuwa ndefu zaidi kuelekea alfajiri. Katika awamu hiyo ubongo huzima karibu misuli yote ya mwili, pengine ili tusiamke tukatenda tunachokiota. Misuli ya mbavu na ya shingo huzimwa pia. Kinachobaki kikivuta hewa ni kiwambo peke yake. Mwenye kiwambo kizima hajui kama jambo hilo linatokea. Mwenye kiwambo kilichochoka hubaki bila msaidizi, hewa ukaa inapanda, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo, analala tena, inajirudia. Usiku mzima hupita hivyo, na asubuhi hakumbuki kuwa aliamka.

Anachokumbuka ni mabaki yake. Anaamka na kichwa kinachouma, kinachopoa baada ya saa moja au mbili. Mchana anasinzia. Hamu ya kula asubuhi haipo. Anaota ndoto za kutisha, za kuzama majini au kubanwa. Anaomba ageuzwe mara nyingi usiku, na anaongeza mito mmoja baada ya mwingine mpaka analala karibu ameketi. Mtoto anashuka darasani na kuitwa mvivu. Mtu mzima anaambiwa ana huzuni, naye kweli ana huzuni, basi anapewa dawa ya usingizi, ambayo inaupunguza zaidi msukumo wa kupumua. Naliona kosa hilo la mwisho kuwa baya kuliko mengine, kwa sababu hutendwa kwa huruma.

Mbona hasemi kwamba anakosa pumzi? Kwa sababu kukosa pumzi hujulikana mtu anapojitahidi. Aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu hapandi ngazi, hakimbilii gari. Pumzi yake inaweza kupungua hadi theluthi asione tofauti. Kwa hiyo kumuuliza "unapumua vizuri?" hakutoshi. Muulize analalaje, anaamkaje, na anaweza kulala chali au la.

Kupima kabla ya kusubiri

Kipimo cha msingi ni kupuliza kwenye spirometa: mtu anajaza kifua kadiri awezavyo kisha anapuliza chote. Kiasi kinacholinganishwa ni kile kinachotarajiwa kwa mtu wa umri, kimo na jinsia yake. Apimwe ameketi, halafu alale chali apimwe tena. Kiasi kikipungua kwa zaidi ya robo anapolala, kiwambo kinashukiwa. Vipo pia vipimo vya nguvu ya kuvuta hewa, kimojawapo hufanywa kwa kunusa tu kwa ghafla, nacho humfaa mtu ambaye midomo yake haiwezi tena kubana mdomo wa spirometa. Kwa magonjwa mengi ya polepole inashauriwa vipimo virudiwe angalau kila miezi sita. Kwa ALS, ambayo hukimbia, mara nyingi zaidi.

Usiku hupimwa kwa kifaa cha kidoleni kinachoandika oksijeni hadi asubuhi, na bora zaidi kikiwapo cha kupima hewa ukaa kupitia ngozi. Ikiwa mchana hewa ukaa katika damu imeshapita 45, ujue usiku umeharibika siku nyingi.

Guillain-Barré na miastenia inapochachamaa ni habari nyingine kabisa. Hapo saa ndizo zinazohesabiwa, wala si miezi, na kipimo cha kidoleni hakifai kutegemewa kwa sababu hubaki kizuri mpaka dakika za mwisho. Kuna jaribio lisilohitaji kifaa: mtu avute pumzi ndefu kisha ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kuvuta nyingine. Mzima anaweza kukaribia 50. Anayeishia chini ya 20, na jana alifika 35, asiachwe wodini akisubiri daktari wa kesho. Vivyo hivyo kwa anayeshindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, au ambaye sauti yake inakatika katikati ya sentensi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wa Guillain-Barré hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia, na kumwekea kwa utulivu ni tofauti sana na kumwekea akiwa ameshaanguka.

Mashine ya usiku

Msaada wa pampu iliyochoka ni pampu nyingine. Siku hizi kwa walio wengi pampu hiyo ni mashine ndogo iwekwayo kando ya kitanda, yenye mpira unaoishia kwenye barakoa ya pua au ya pua na mdomo. Hakuna tundu shingoni.

Mashine sahihi hufanya kazi kwa presha mbili. Mgonjwa akianza kuvuta pumzi, mashine inasikia na kusukuma hewa kwa presha ya juu. Akitoa, presha inashuka. Tofauti kati ya presha hizo mbili ndiyo nguvu inayomsaidia. Lazima pia iwe na idadi ya pumzi ya akiba, ili ikiwa msuli umechoka kiasi cha kushindwa hata kuiamsha, iendelee yenyewe. Nalikazia hili kwa sababu kuna mashine nyingine inayofanana nayo kwa sura, ile ya presha moja isiyobadilika, waliyotengenezewa watu wanaokoroma na kuzibwa koo usingizini. Hiyo huizuia njia ya hewa isizibe, lakini haimvukutii mtu hewa. Kumpa mwenye ALS mashine ya presha moja ni kumfungulia mlango aliyekosa miguu ya kupitia.

Usiku wa kwanza huwa mgumu, na ni vizuri mtu aambiwe mapema. Hewa inayosukumwa usoni huogofya. Presha huanzia chini na kupandishwa siku baada ya siku. Wengi huanza kwa saa moja mchana wakiwa macho, kisha usingizi mfupi, kisha usiku. Barakoa isiyokaa vizuri huvuja na kukausha macho, ikikazwa mno hutoboa ngozi ya pua. Hewa ikivujia mdomoni, usingizi hukatika. Tumbo linaweza kujaa gesi. Kila moja ya kero hizi ina dawa yake: barakoa ya aina nyingine, mkanda wa kidevu, kifaa cha kuongeza unyevu, kurekebisha presha. Kinachoshindwa mara nyingi si mgonjwa. Ni kwamba hakuna mtu aliyerudi kumwangalia baada ya wiki ya kwanza.

Matunda yake ni ya kweli. Huko Newcastle, Uingereza, waliofuatilia vijana wenye Duchenne waliona kwamba katika miaka ya 1960 wastani wa umri wa kufariki ulikuwa miaka 14.4, kwa waliopewa mashine tangu mwaka 1990 ulifika 25.3. Katika jiji hilohilo utafiti wa ALS uliochapishwa mwaka 2006 uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mashine na wengine huduma ya kawaida. Wale ambao koo na ulimi vyao vilikuwa bado na nguvu waliishi zaidi kwa kadirio la kati la siku 205, tena wakiwa na maisha bora. Kwa waliokuwa na koo dhaifu sana mashine haikurefusha maisha, ila iliwapunguzia adha. Sijui dawa nyingi za ALS zilizofikia siku hizo.

Ugonjwa ukiendelea, usiku hautoshi. Mchana mtu anaweza kuwekewa mrija mdogo karibu na mdomo, kwenye kiti chake, akauma na kuvuta hewa kutoka kwenye mashine kila anapohitaji, kisha akauachia aendelee kuongea. Wapo wanaoishi hivyo kwa miaka, saa 24 kwa siku, bila kutobolewa shingo. Wengine, hasa wanaopaliwa na mate yao wenyewe, hufikia kuchagua tundu la shingoni, kama ilivyokuwa kwa Stephen Hawking, mwanafizikia aliyekuwa na ALS, mwaka 1985, baada ya nimonia iliyokaribia kumuua. Aliishi karibu miaka 33 zaidi. Wengine hulikataa tundu hilo kwa akili timamu, na kulikataa si kukata tamaa. Muhimu ni swali liulizwe mtu akiwa na sauti ya kujibu.

Kikohozi, kilichosahauliwa

Familia nyingi huambiwa habari za mashine na kuachwa gizani kuhusu kukohoa. Na bado kinachowapeleka wengi hospitalini ni mafua ya kawaida. Ute unashuka, kikohozi hakina nguvu ya kuutoa, unaganda, sehemu ya pafu inajifunga, nimonia inafuata.

Kukohoa kuna hatua tatu: kujaza kifua, kuziba koo huku presha ikijengeka ndani, kisha kufyatua kwa misuli ya tumbo. Nguvu yake hupimwa kwa kile kifaa cha bei ndogo wanachopulizia wenye pumu, isipokuwa hapa mtu anakohoa ndani yake badala ya kupuliza. Mtu mzima mwenye afya hupita lita 360 kwa dakika bila shida. Akiwa chini ya 270, kikohozi chake kinaweza kuonekana kinatosha leo lakini kitamwangusha siku ya mafua, kwa hiyo afundishwe msaada sasa. Chini ya 160, makohozi hayatoki.

Msaada wa kwanza ni kurundika pumzi. Mtu anabinyiwa mfuko wa hewa mdomoni, anaishikilia pumzi hiyo kooni, anaongezewa ya pili juu yake, ya tatu, mpaka kifua kimejaa kuliko ambavyo angekijaza mwenyewe. Ndipo akohoe. Wagonjwa wa polio wa zamani waligundua njia ya kufanya hivyo bila kifaa chochote, wakimeza hewa kwa ulimi funda baada ya funda kama chura. Ilielezwa kitabibu mwaka 1951, na wapo wanaoitumia hadi leo kupata dakika kadhaa bila mashine. Pumzi ikisharundikwa, msaidizi huweka viganja juu ya tumbo na kusukuma ndani na juu kwa ghafla wakati uleule mtu anapokohoa. Wakati ndio kila kitu hapo. Akichelewa nusu sekunde anamwumiza tu. Na isifanywe mara baada ya mlo.

Visipotosha hivyo, kuna mashine ya kukohoza. Hujaza kifua kwa presha, aghalabu sentimita 40 za maji, kisha hugeuka ghafla na kunyonya kwa presha ya kiasi hichohicho, na makohozi hufuata hewa hadi mdomoni. Siku ya mafua inaweza kutumika kila saa, au kila kipimo cha kidoleni kinaposhuka chini ya 95, mpaka kirudi. Kwa mwenye koo dhaifu wa ALS presha kubwa huweza kuifanya zoloto ijifunge, basi huanzwa chini na kupandishwa kwa uangalifu.

Jambo dogo ambalo husahaulika: dawa za kukausha mate humfariji anayechuruzika, lakini zikizidi hugeuza ute kuwa gundi. Maji ya kutosha na kipimo kidogo cha dawa ni bora kuliko mdomo mkavu.

Siku ya dharura

Andika karatasi moja, ikae na mgonjwa popote alipo. Iseme jina la ugonjwa, mashine anayotumia na presha zake, hewa ukaa yake ya kawaida, na kwa herufi kubwa: MAPAFU NI MAZIMA, MISULI NI DHAIFU, USINIPE OKSIJENI BILA KUPIMA HEWA UKAA, USINILAZE CHALI. Mwenye Duchenne aongeze kwamba hatakiwi kupewa suksinilikolini, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, kwani huweza kusimamisha moyo wake. Mwenye miastenia aorodheshe viuavijasumu vinavyozidisha udhaifu wake, vikiwemo vya jamii ya jentamaisini na siprofloksasini, na magnesiamu ya kwenye mshipa. Na mgonjwa aende na mashine yake mwenyewe pamoja na barakoa yake, kwa sababu hospitali inaweza kuwa na mashine kubwa nzuri na isiwe na barakoa inayouenea uso ule.

Upasuaji wowote, hata wa kuwekewa mrija wa chakula tumboni, upangwe mapema pumzi ikiwa bado inatosha, na daktari wa usingizi ajue kabla ya siku yenyewe. Chanjo za mafua na za nimokoka, bakteria wa nimonia, zitolewe kwa mgonjwa, na ya mafua kwa wanaoishi naye pia.

Mwisho kuna suala la umeme. Mashine iwe na betri, na kando ya kitanda uning'inie mfuko wa kubinya kwa mkono, ndugu wa moja kwa moja wa ile iliyotumika Copenhagen. Kila anayelala katika nyumba hiyo aujue, akiwemo kijana wa miaka 12. Barakoa ibane uso, binya mpaka uone kifua kinainuka, achia, subiri kishuke. Baada ya sekunde nne au tano, tena.